Somo la Kiingereza: Kauli ya Kutendwa, na Swali la "Na Nani?"



Tangu tulipoanza masomo haya ya Kiingereza katika jarida letu, barua zenu zimetufikia kwa wingi, nasi twawashukuru. Katika barua hizo swali moja limerudi tena na tena. Mwanachama asema: nimeletewa karatasi ya Kiingereza, ya gari au ya ghala au ya bima; nimetafuta maana ya kila neno katika kamusi, maneno yote nimeyapata, lakini mtu sikumpata. Karatasi yasema jambo fulani litafanywa, wala haisemi atakayelifanya ni nani. Je, ni mimi sikufahamu, au karatasi ndivyo ilivyo?

Karatasi ndivyo ilivyo, na mwenye kuuliza hivyo amekwisha kulifahamu nusu ya somo la leo. Kauli hiyo huitwa kauli ya kutendwa. Yapasa tuijue kuiunda, maana bila ya hiyo hapana barua ya kazi iandikikayo kwa Kiingereza. Na yapasa zaidi tuijue kuisoma, maana ndani yake mtu aweza kujificha kama kuku katika kisaga.

Asiogope mtu. Kauli ya kutendwa tunayo wenyewe tangu utotoni. Mtoto asiyejua hata herufi moja huja akilia kwamba amepigwa, au amenyang'anywa kitumbua chake. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alipotoa kitabu chake cha kufundishia lugha ya Unguja mwaka 1870, ilimbidi awaeleze Waingereza wenzake hiyo herufi w tuitiayo mwishoni mwa kitendo: piga, pigwa; leta, letwa. Wao walihangaika na w yetu. Sasa ni zamu yetu kuhangaika na yao.

Tuanze na kazi tuijuayo. "The clerk weighs the cloves": karani hupima karafuu. Hapa karani ndiye mtenda, naye ametangulia. Karafuu ndizo zitendwazo. Tukitaka karafuu zitangulie tutasema: "The cloves are weighed by the clerk", karafuu hupimwa na karani. Sisi tumegeuza neno moja tu, pima likawa pimwa. Mwingereza hana w ya kutia, kwa hiyo hutumia maneno mawili. La kwanza ni namna moja ya "be", nalo hubadilika: "is", "are", "was", "were", "been", "being". La pili ni umbo la tatu la kitendo chenyewe, nalo halibadiliki kabisa.

Fikirini gari la ng'ombe. "Be" ni ng'ombe, na "weighed" ni gunia lililopakiwa. Aendaye ni ng'ombe. Gunia limekaa tu. Ikiwa jambo ni la kila siku, "The cloves are weighed." Ikiwa ni la jana, "The cloves were weighed." La kesho, "The cloves will be weighed." Limekwisha, "The cloves have been weighed." Karani yuko mizanini hivi sasa, "The cloves are being weighed." Tazameni tena sentensi hizo tano. "Weighed" haikusogea. Wakati wote, wa jana na wa kesho, umechukuliwa na ng'ombe.

Jambo dogo hapa huwaponza wengi wetu. Sisi husema karafuu kwa moja na karafuu kwa elfu, na kitendo ndicho kionyeshacho wingi: karafuu imeanguka, karafuu zimeanguka. Mwingereza hutia s mwishoni mwa jina, na "be" lazima ifuate. Basi "The cloves was weighed" ni kosa, sawasawa na mtu kusema "magunia limepimwa".

Umbo la tatu ndilo liumizalo kichwa. Vitendo vingi huishia kwa -ed, navyo havina taabu: "picked", "dried", "weighed". Lakini vile vitumikavyo zaidi sokoni vina desturi zao: "buy" huwa "bought", "sell" huwa "sold", "pay" huwa "paid", "take" huwa "taken", "give" huwa "given", "write" huwa "written", "steal" huwa "stolen". Hapana kanuni ya kuvipata vyote. Ni kukariri tu, kama tulivyokariri majedwali ya hesabu. Mwenye kusema "The receipt was wrote" ametia umbo la pili mahali pa la tatu. Mwenye kusema "My cloves were sell" hakutia umbo lolote. Aseme: "The receipt was written. My cloves were sold."

Mtenda, tukitaka kumtaja, huja baada ya "by". Hapa yataka uangalifu, maana "na" yetu ina kazi nyingi: huunganisha, hufuatanisha, na humtaja mtenda. Kiingereza kimezigawa kazi hizo, na chombo cha kazi nacho kina neno lake, "with", ambalo kwetu ni "kwa". Tawi lilikatwa na Juma kwa kisu: "The branch was cut by Juma with a knife." Mwanafunzi mmoja aliandika "The branch was cut with Juma". Mwingereza akisoma hivyo ataelewa kwamba mtu alimshika Juma miguu akamtumia kama shoka.

Mpaka hapa njia ni moja. Sasa twafika mahali ambapo njia ya Kiswahili na ya Kiingereza zaachana, na hapa ndipo wengi wapoteapo, hata waliosoma sana.

Kiswahili ni lugha karimu katika kutendwa. Mtu akipatwa na jambo lolote, kwetu huweza kutangulia na kutendwa. Amefiwa na baba yake. Ameibiwa magunia 2. Amenyeshewa na mvua. Ukiyageuza haya neno kwa neno kwa Kiingereza, utapata maneno ya kuchekesha au ya kutisha. "He was died by his father" si Kiingereza. Husemwa "His father has died". "I was stolen two bags" si Kiingereza pia, kwa maana "steal" humwendea kitu kilichoibwa, hakimwendei mwenye kuibiwa. Basi kiibwacho ndicho kitangulie: "Two of my bags were stolen." Ukitaka kutangulia wewe, badili kitendo: "I was robbed of two bags." Na mvua je? Ukisema "rained", usisahau kijineno kidogo mwishoni: "The cloves were rained on." Kijineno hicho "on" ndicho kifanyacho kazi ya ile -e- katika nyeshea. Hali kadhalika kitanda ambacho hakijalaliwa ni "a bed that has not been slept in". Pasipo "in" sentensi huanguka.

Wakati mwingine hupatana. Nilipewa stakabadhi, "I was given a receipt". Niliambiwa, "I was told", wala si "I was said". Nilizaliwa Wete, "I was born in Wete". Hapa lugha mbili zimekutana kama ndugu waliopotezana.

Na yako matendo yasiyokubali kutendwa kabisa. Kufika, kutokea na kuanguka hayamwendei mtu mwingine, kwa hiyo hayana mtendwa. Hata hivyo kila siku twasikia "The ship was arrived" na "The accident was happened", hata kwa watu wenye vyeti. Isemwe tu "The ship arrived" na "The accident happened".

Kuna tofauti moja ambayo twaomba kila mwanachama aishike vizuri, kwa maana yaweza kumtia mtu hatiani au kumtoa. Kiswahili chatofautisha tawi lililovunjika na tawi lililovunjwa. Lililovunjika, halikutajwa wala halikudhaniwa mtu. Huenda ni upepo, huenda ni uzito wa mvua, huenda ni uzee. Lililovunjwa, yupo aliyelivunja hata kama hatumjui. Gunia lililopasuka na gunia lililopasuliwa ni mambo mawili, na mwenye gari atapenda la kwanza. Kiingereza hakina mpaka ulio wazi hivyo. "The branch is broken" huweza kuwa la kwanza au la pili. Kwa hiyo ukiandika taarifa ya hasara, chagua maneno. Ikiwa hapana mtu, andika "The branch broke" au "The bag burst". Ikiwa unajua yupo mtu, andika "The bag was cut open", na kisha utaje ulivyojua. Wenye kusikiliza mashauri huyapima maneno haya, na aliyeandika moja akitaka lingine hujikuta akieleza kwa muda mrefu.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, la mtenda asiyeonekana. Kwa mifano yake tumechagua mahali pamoja tu, Mikese, kituo cha reli kilicho kilomita 30 hivi mashariki ya mji wa Morogoro. Huenda msomaji akauliza, wakulima wa karafuu wa visiwani wana nini na Mikese? Kwanza, milima ya Uluguru iliyo karibu na hapo siku hizi nayo ina mikarafuu, na wakulima wake ni wenzetu wa kazi. Lakini sababu kubwa ni kwamba Mikese ni mahali padogo ambapo mambo matatu makubwa yamepita, na yote matatu huandikwa kwa kauli ya kutendwa.

La kwanza ni reli. "The railway was built between 1905 and 1914." Reli ilijengwa kati ya mwaka 1905 na 1914, ilianza Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, na mwisho wake Kigoma. Sentensi ni safi, na mtenda hayumo. Uliza: "By whom?" Wengi watajibu upesi, "It was built by the Germans." Kwa sarufi hapana kosa hata moja. Lakini ni Wajerumani gani walioshika sururu kati ya Ruvu na Mikese chini ya jua lile? Serikali ya Kijerumani ilitaka reli, kampuni ya Kijerumani ikaisimamia, na waliofyeka pori, waliochimba na waliobeba reli za chuma walikuwa Waafrika kwa maelfu. Wote hao ni watenda, kila mmoja kwa namna yake. Neno "by" lina nafasi ya mtu mmoja tu mlangoni, na mara nyingi aingiaye ni yule mwenye kofia kubwa. Basi hata karatasi ikimtaja mtenda, msitosheke. Ulizeni ni mtenda wa namna gani: aliyeamuru, aliyelipa, au aliyefanya?

La pili ni vita. Majeshi ya Kiingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na baada ya hapo Mikese ikawa ghala kubwa la vita. Vitu vilishushwa kwenye reli vikapelekwa kusini, kuelekea Duthumi na mto Mgeta, walikokuwa wanajeshi. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Masika ya mwaka 1917 yakazamisha magari katika matope. Yakabaki mabega na vichwa vya watu. Sasa someni sentensi hii, ambayo tumeitunga wenyewe kwa ajili ya somo: "Rations were carried south from Mikese." Chakula kilichukuliwa kusini kutoka Mikese. Twaona chakula, twaona njia, twaona na mahali. Mchukuzi haonekani, na sentensi haina hata tundu la kutuonyesha kwamba yuko aliyetoka. Huo ndio uzito wa kauli hii: ukimtoa mtenda katika sentensi ya kutenda, sentensi huvunjika, na kila mtu huona, ukimtoa katika sentensi ya kutendwa, hubaki imesimama wima.

Wachukuzi waliokufa katika vita ile upande wa Waingereza, walioandikwa katika hesabu, ni zaidi ya 40,000. Na wengi zaidi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Watu wa visiwani wamo katika habari hiyo, kwa maana mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza mwenyewe kikosi cha wachukuzi kutoka kwetu. Wachukuzi hao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na katika vinywa vyetu jina hilo likawa Kariakoo. Kila anayeshuka bandarini Dar es Salaam akaenda kununua kitambaa Kariakoo amelitamka jina la watenda ambao sentensi iliwasahau. Twaandika basi: "Rations were carried south from Mikese by African porters." Maneno matatu tu yameongezeka.

La tatu halikutokea Mikese penyewe bali kusini yake, upande huo huo wa mashariki ya milima, huko Matombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, na Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Kwa Kiingereza cha ofisini jambo hili huandikwa kwa urahisi: "Terraces were dug." Sentensi nyepesi kama unyoya, na kazi nzito kama mawe. Aliyeamuru hakuchimba, na aliyechimba hakuamua. Mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu, na aliyechimba ndiye aliyevuna kidogo. Mwezi wa Julai 1955 kukatokea ghasia Matombo, polisi wakaitwa, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Tazameni tulivyoandika sasa hivi: "mtu mmoja akauawa". Nasi tumefanya lile lile, kwa Kiswahili, bila ya kuazima chochote kwa Mwingereza. "One man was killed." Aliuawa na polisi katika ghasia hizo, na hivyo ndivyo ipasavyo kuandikwa. Msidhani basi kwamba Kiingereza ndicho chenye hila na Kiswahili ni kitakatifu. Tumekwisha kuzisikia wenyewe katika mikutano yetu "imeamuliwa", "imeonekana vema" na "inasemekana". Mwenye kuuliza imeamuliwa na nani huambiwa anachelewesha mkutano. Sisi twaona ndiye anayeuharakisha.

Je, tuiache kauli hii? Hasha. Ina mahali pake, tena pengi. Ikiwa mtenda hajulikani, tufanyeje? "My bicycle was stolen last night". Tungelimjua mwizi tusingeliandika barua, tungelikwenda kwake. Ikiwa mtenda ajulikana na wote, kumtaja ni kupoteza wino: "He was arrested", kila mtu ajua wakamatao ni polisi. Na ikiwa habari ni ya kitu chenyewe, kauli hii huifanya habari iende bila kukatika. Someni: "Mikese is a small station. It was made a supply base in 1916. It was passed by thousands of porters." Kila sentensi yaanza na Mikese, na msomaji hapotezi uzi. Hivyo hivyo mkiandika juu ya reli mpya ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, "The new line was opened to passengers in June 2024" yatosha kabisa, kwa kuwa msafiri ataka kujua njia imefunguliwa lini, si nani aliyekata utepe.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: mtenda aliyetoka, ametoka kwa sababu hana haja, au ametolewa kwa sababu ana deni?

Turudi kwenye karatasi zenu. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania Bara imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jambo kubwa. Lakini karatasi za meli, za bima na za wanunuzi wa ng'ambo bado nyingi zaja kwa Kiingereza, na huja zimejaa "shall be" na "may be". Kumbukeni ng'ombe wetu: "shall be" maana yake jambo hilo lazima lifanywe, "may be" maana yake laweza kufanywa, wala hapana anayelazimika.

Mwanachama mmoja alituletea karatasi ya mwenye gari mmoja, ambaye hatumtaji. Ilikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo chini. Tumeibadili kidogo, lakini maana ni ile ile: "Bags may be opened and inspected. No responsibility is accepted for bags damaged or delayed." Mwanachama wetu aliona "responsibility" na "accepted", akafurahi akidhani mwenye gari amekubali jukumu. Lile "No" la mwanzo lilimpita. Kwa desturi yetu kukanusha hukaa katika kitendo, halikubaliwi, haifanywi. Jicho letu hulitafuta huko. Mwingereza aweza kulitia mwanzoni kabisa mwa sentensi, mbali na kitendo, na hapo msomaji wa haraka hulikanyaga bila kuliona. Maana ya mstari ule ni kwamba hakuna jukumu linalokubaliwa. Na nani? Na mwenye gari. Yeye ndiye asiyekubali, ila amejitoa katika sentensi, ikawa kama kwamba ni kawaida ya dunia kwamba jukumu halikubaliwi.

Tena tazameni "bags damaged". Ng'ombe yuko wapi? Hayupo. Hii ni kauli ya kutendwa iliyofupishwa: "bags which are damaged", magunia yaliyoharibiwa. Waandishi wa mikataba hupenda sana kumfungua ng'ombe na kuliacha gunia peke yake njiani: "cloves found wet", "goods left in the store", "sums deducted". Msomaji mgeni hudhani "found" ni kitendo cha mtu fulani aliyeona kitu. Dawa yake ni kumrudisha ng'ombe: "cloves which are found wet". Kisha uliza: "found by whom?" Zitaonekana mbichi na nani? Kwa chombo gani? Wewe ukiwapo au usipokuwapo?

Twawashauri basi namna moja ya kusoma. Kabla ya kutia saini, chukua kalamu ya risasi, pigia mstari kila "be" pamoja na umbo la tatu lililo nyuma yake, na kila umbo la tatu lililoachwa peke yake. Pembeni ya kila moja andika jina la mtu. "The cloves shall be weighed": na nani? "A deduction may be made": na nani, kwa kiasi gani? "Payment shall be made": na nani, siku gani? Mahali ambapo huwezi kuandika jina, hapo ndipo pa kumwuliza mwenye karatasi, tena kwa upole. Mwombe aandike kwa kauli ya kutenda: "The buyer shall weigh the cloves in the presence of the grower. The buyer shall pay the grower on the same day." Mtu mwema hatakataa. Mwanachama aliyetuletea karatasi ile alirudi kwa mwenye gari na swali lake moja, wakaongeza mstari kwa mkono kwamba magunia yatafunguliwa mbele ya mwenyewe, wakatia saini wote wawili.

Na ninyi mkiandika, msijifiche. Mweka hazina asiandike "The money was spent on mats and bags". Aandike "The committee spent the money on mats and bags", na kiasi chake kando.

Haya ndiyo mazoezi ya toleo hili. Geuzeni ziwe za kutendwa: "The pickers dried the cloves on mats." "The clerk has written the receipt." "The lorry will take the bags to the port." Geuzeni ziwe za kutenda, nanyi mtafute mtenda wenyewe: "The rope has been cut." "Terraces were dug in the Uluguru Mountains." Zoezi hili la mwisho lina majibu zaidi ya moja, nasi twataka kuyaona yote. Sahihisheni: "The lorry was arrived late and two bags were stole." "I was stolen my bicycle at the market." Mwisho, semeni kwa Kiingereza sahihi: magunia mawili yamepasuka, na moja limepasuliwa.

Majibu yaletwe ofisini, au apewe katibu wa tawi lenu siku ya mkutano. Asiye na karatasi aandike nyuma ya stakabadhi ya zamani. Tutayasoma vivyo hivyo. Toleo lijalo tutatoa majibu, kisha tutaanza vile vijineno "on", "in" na "at", ambavyo vimewatesa hata Waingereza wenyewe.